Forodhani usiku: namna ya kwenda, kuchagua na kula vizuri

Kila anayeshuka Unguja huambiwa asiondoke bila kufika usiku Forodhani, soko la chakula linalowekwa kwenye bustani ya mbele ya bahari, Mji Mkongwe. Wanaoambiwa namna ya kufika ni wachache. Ndiyo maana mgeni anaingia saa 3 usiku na njaa imemkaba, anasimama kwenye meza ya kwanza iliyomwita, anajaziwa sahani ya samaki waliolala pale tangu magharibi, na bei anatajiwa akishamaliza kula. Kesho yake anasema Forodhani ni pa watalii, hapana kitu. Mimi nasema pana kitu, tena kila usiku, na cha bei ya mwananchi pia. Kinachotakiwa ni kujua utazame wapi.

Nayaandika haya kwa mtu wa Dar, Tanga, Mombasa au Pemba aliyevuka kuja mjini kwa siku mbili tatu, na kwa mwenyeji anayepokea wageni na angependa wale vizuri. Kama utasahau yote mengine, kumbuka hili moja: nunua kile ulichokiona kikiwa kibichi, kikapikwa mbele ya macho yako. Hatua zote zifuatazo zinazunguka hapo hapo.

1. Chagua usiku wako

Soko lipo kila siku, lakini usiku haulingani na usiku. Ijumaa na mwisho wa wiki familia za mjini hutoka, watoto wamejaa, meza zina wateja wengi na chakula hakikai. Siku za kati ya wiki kuna nafasi ya kutosha, ila vilivyopangwa mezani vinatoka polepole, kwa hiyo macho yako yafanye kazi zaidi. Mimi nikipewa kuchagua, nachagua usiku wenye watu. Foleni ndefu mbele ya jiko ni dalili nzuri kuliko tabasamu la muuzaji.

Kisha tazama mwezi. Mji huu unakula kwa kufuata bahari, na bahari inafuata mwezi. Maji ya bamvua huja mara mbili kwa mwezi, siku za mwezi mwandamo na siku za mwezi mpevu. Wakati huo maji hukupwa sana, miamba inatoka nje, na watu wa pwani ya mashariki, wanawake kwa wanaume, wanashuka kwa miguu kuwachoma pweza mashimoni. Siku za maji mafu miamba haitoki vizuri, na pweza anakuwa haba au wa kuhifadhiwa. Samaki wanaovuliwa kwa taa, kama dagaa na vibua, wao wanataka giza. Mbalamwezi ikiwa kali taa haivuti kitu na vyombo vingi hulala. Ukiunganisha mambo hayo mawili utaona kwamba siku chache za mwezi mwandamo ndizo zenye kheri kubwa kwa mlaji, maana kuna bamvua na kuna giza. Ukiweza kupanga safari yako iangukie hapo, panga.

Kipindi cha masika, Machi hadi Mei, mvua inaweza kuvunja soko usiku mzima, kwa sababu pale ni uwanja wa wazi. Kusi ikivuma kwa nguvu, Juni kwenda Agosti, mitumbwi midogo mingine haitoki, na siku mbili tatu za namna hiyo zikifuatana utaziona mezani. Februari, wakati wa tamasha la muziki la Sauti za Busara, mji hujaa watu na wengi humiminika kwenye majiko, basi jiandae kusubiri.

Ramadhani ina utaratibu wake. Mchana hakuna kula hadharani mjini, awe nani. Baada ya futari na tarawehe Forodhani huamka upya na kuchelewa kulala. Mfungaji na asiyefunga wote wanakaribishwa, ila usifike saa 11 jioni ukafungua chupa ya maji mbele ya wapishi wanaowasha mkaa na swaumu zao kifuani.

2. Ubebe nini

Noti ndogo. Vunja noti zako za 10,000 mchana, upate za 1,000, 2,000 na 5,000. Chenji ni tatizo la kweli pale, na muuzaji akikosa chenji wewe ndiye unayeishia kuongezewa mshikaki usioutaka. Pesa za simu wengi wanapokea, lakini usizitegemee peke yake.

Nguo za heshima, mabega na magoti yafunikwe, kwa mwanamume pia. Hakuna atakayekufukuza ukivaa vinginevyo, lakini ule ni uwanja wa wenyeji wanaokuja na mama zao. Leta chombo chenye kifuniko kama una nia ya kubeba chakula, maana mifuko ya plastiki Zanzibar ilipigwa marufuku tangu 2006 na karatasi ya gazeti haizuii mchuzi. Maji ya kunawa mikono weka kwenye chupa ndogo.

3. Fika kabla ya magharibi

Hii ndiyo hatua ambayo watu wengi wanaikosa, na ndiyo inayoamua usiku wako. Jua la Unguja linazama kati ya saa 12 na saa 1 kasorobo mwaka mzima. Uwe umefika angalau nusu saa kabla.

Kutoka bandari ya mjini, mtaa wa Malindi, unafuata barabara ya Mizingani, bahari mkono wako wa kulia, dakika 10 hivi kwa mwendo wa matembezi. Utapita mbele ya Beit al-Ajaib, jumba alilolijenga Sultani Barghash mwaka 1883, ambalo upande wake mmoja uliporomoka tarehe 25 Desemba 2020. Linalofuata ni Ngome Kongwe, na bustani inatazamana nayo. Ukitokea Shangani unapita chini ya ile nyumba ya mayatima, barabara inayopenya kama handaki, na unatokea Forodhani moja kwa moja.

Bustani yenyewe ilifunguliwa mwaka 1936, kusherehekea miaka 25 ya Sultani Khalifa bin Harub kitini. Iliyopo leo, yenye njia za mawe, taa na ukuta wa bahari uliotengenezwa upya, ni ya ukarabati uliokamilika mwaka 2009 chini ya Mfuko wa Utamaduni wa Aga Khan. Jioni ukutani utawakuta vijana wa makachu wakikimbia, wakijirusha, wakijipinda hewani na kuzama. Watazame. Wengine wanaishi kwa kutunzwa, kwa hiyo ukisimama na simu kurekodi mmoja wao akiruka mara tatu kwa ajili yako, mtunze.

Lakini kazi iliyokuleta mapema ni nyingine. Wakati wengine wanatazama jua, wewe geuza mgongo baharini utazame wapishi wanavyopanga meza. Dakika hizo 30 zinasema kila kitu. Kuna anayefika na ndoo ya barafu, akaifungua, akatoa samaki wabichi, akawakata vipande na kuvitunga kwenye vijiti pale pale. Kuna anayefunua sinia la vitu vilivyokwisha kuchomwa, rangi imeiva, anavipanga safu safu kama vito. Saa 2 usiku, taa zikiwaka na pilipili na limau zikapambwa juu, meza hizi mbili zitafanana kabisa. Ni wewe tu uliyefika mapema utakayejua ipi ni ipi. Mkariri yule wa ndoo ya barafu, sura yake, kofia yake, na mahali aliposimama.

4. Zunguka mzunguko mzima na mikono mfukoni

Wakishawasha majiko, anza upande mmoja umalize wa pili bila kununua hata juisi. Utaitwa. "Kaka karibu, jodari huyu wa leo!" "Dada, onja tu, kuonja bure!" Usikasirike na usipite kimya kama hujasikia, kwa sababu mji huu unaanza na salamu. Jibu, "Ahsante kaka, nazunguka kwanza." Muuzaji mwenye umri mpe shikamoo yake. Mzee wa makamo mwite ami, mama muuzaji mwite bi mkubwa. Kiswahili chako kikitoka na heshima zake, bei inashuka kabla hujaiuliza.

Wapo pia papasi, vijana wa kuwatembeza wageni, ambao hawana meza. Papasi atakukamata lango la bustani, atataka kukutembeza, atakuambia meza fulani ni ya mjomba wake. Kamisheni yake itatoka kwenye sahani yako. Mwambie kwa upole kwamba wewe ni wa hapa hapa, au una mwenyeji, na uendelee kutembea. Ukisimama kumweleza sana umemfungulia mlango.

Kuonja nako kuna hesabu zake. Kipande ulichopewa uonje kinaweza kuja kuhesabiwa. Kabla hujatia mdomoni uliza wazi, "Hiki cha kuonja si cha kulipa, sivyo?" Mwenye nia njema hatachukia swali.

5. Samaki kwanza

Anza na vitu vya bahari, na uanze mapema, kwa sababu hivyo ndivyo vinavyochakaa kadiri usiku unavyoenda. Pizza na urojo vinaweza kungoja.

Rudi kwa yule uliyemkariri. Mwombe akuoneshe kilicho kibichi, usikubali kuanzia kwenye kilichopangwa. Nyama ya samaki mbichi mzuri inang'aa kidogo, ukiibonyeza inarudi, na harufu yake ni ya bahari. Akiwa na samaki mzima, changu au kolekole, tazama jicho na matamvua: jicho lililojaa na matamvua mekundu ni wa leo, jicho lililozama na matamvua ya kahawia ni wa juzi. Kisha sema, "Nichomee huyu, nitasubiri." Neno hilo la mwisho ndilo la maana. Muuzaji anarudisha motoni vitu vilivyokwisha kupikwa kwa sababu anadhani mteja ana haraka. Ukimhakikishia kwamba unangoja, anatulia naye na kukupikia inavyostahiki.

Sababu ya kukikimbia kilichopangwa si ladha peke yake. Shirika la Afya Duniani linashauri chakula kilichopikwa kisikae zaidi ya saa 2 katika joto la kawaida, na joto la kawaida la Unguja halina huruma. Sinia lililofunguliwa saa 12 jioni, ukilila saa 4 usiku, limeshapita mpaka huo mara mbili. Kulitia kwenye mkaa dakika mbili kunapasha ngozi ya juu, na ndani kunabaki vuguvugu.

Jodari na nguru wanahitaji tahadhari ya ziada. Ni watamu wakichomwa, hasa jodari akiondolewa motoni kabla hajakauka. Lakini samaki wa jamii yao wasipowekwa kwenye barafu mapema hutengeneza ndani ya nyama kemikali iitwayo histamini, na histamini haiondoki kwa moto, uchome uchomavyo. Dalili ni ulimi kuwasha kama umelamba pilipili mahali ambapo hapana pilipili. Ukihisi hivyo kwenye tonge la kwanza, acha hapo hapo. Uso ukianza kuwaka, kichwa kikauma, upele ukatoka au moyo ukaenda mbio, nenda hospitali uwaambie ulikula samaki gani, na ukianza kubanwa pumzi usingoje hata kidogo. Ndiyo maana ndoo ya barafu nimeipa uzito wote huu.

Pweza yeye ana kesi yake. Usimlaumu muuzaji kwa kuwa na pweza aliyekwisha pikwa, kwani pweza lazima apigwe na kuchemshwa kwanza, la sivyo utatafuna mpaka alfajiri. Swali lako ni, "Umemchemsha lini?" Pweza wa leo ana unyevu, ukimkata ndani ni mweupe na mlaini, na vikombe vya miguuni vimeshikana. Wa jana amesinyaa, rangi imekuwa ya damu ya mzee, na ncha za miguu zimekauka na kujikunja. Mchome kidogo, ndimu, pilipili ya kusaga, basi. Ngisi na kamba ni wa haraka, dakika chache motoni zinatosha, kwa hiyo hakuna sababu yoyote ya kuwakubali waliopikwa kabla.

Kambakochi sikushauri. Ndiye anayepambwa mbele kabisa, ndiye wa bei kubwa kuliko wote, na kwa sababu hiyo hiyo ndiye anayekaa mezani muda mrefu zaidi akingoja mgeni wa kumnunua. Ukimtaka mnunue mbichi sokoni asubuhi ukapikiwe nyumbani.

Kula samaki wako na mkate wa ajemi wa moto au muhogo wa kuchoma. Chipsi zipo, lakini zimejaza sahani nyingi ambazo zingeweza kujaa kitu kingine.

6. Pizza ya Zanzibar

Haina uhusiano wowote na ile ya Italia, na anayeingoja ya Italia atasononeka bure. Hii ni ndugu ya mkate wa kima, yaani wa nyama ya kusaga, na uzuri wake ni kwamba inapikwa baada ya kuiagiza, mbele ya macho yako.

Simama karibu uone mikono. Mpishi anachukua donge la unga lililolala kwenye mafuta, analibonda juu ya meza iliyopakwa mafuta, kisha analivuta kwa viganja, akilizungusha, mpaka linakuwa jembamba kiasi cha kuiona rangi ya meza chini yake. Kipande kidogo cha pili kinawekwa katikati ili chini pasitoboke. Ndani ya kikombe anatia nyama ya kusaga, vitunguu, pilipili hoho, nyanya, kipande cha jibini laini, kijiko cha mayonesi, anavunja yai juu yake na kukoroga kwa mwendo mmoja. Anamimina katikati, anakunja pembe nne moja baada ya nyingine kama bahasha, na kuisukuma kwenye kikaango bapa chenye mafuta. Inakaangika kwa kelele. Kingo zinaanza kuwa za kahawia, anaigeuza, anaipitisha pale palipo na moto mkali, anaikatakata vipande na kukupa na pilipili.

Mambo mawili ya kusema mapema. La kwanza, "Mafuta kidogo, iive mpaka katikati." Wakati wa foleni wanaharakisha, na yai linabaki bichi kwenye mkunjo. Ukipewa ambayo katikati yake inachuruzika, irudishe kikaangoni, si matusi. La pili, tazama bakuli la nyama ya kusaga linakaa wapi. Likiwa limefunikwa na kuwekwa kwenye ubaridi, vizuri. Likiwa wazi pembeni ya jiko tangu jioni, agiza ya mboga na yai.

Ya tamu, ya ndizi na chokoleti ya kupaka, watoto wanaipenda mno. Moja inatosha watu watatu.

7. Urojo

Hapa ndipo nitakapokaa kidogo, kwa sababu urojo ndio chakula cha mji huu hasa na wageni wengi wanaupita wakikimbilia kambakochi.

Mchuzi wake ni wa manjano, mwepesi, uliochachuliwa kwa embe bichi au ukwaju na ndimu, ukashikwa kwa unga wa ngano na kutiwa bizari. Ndani yake zinaingia mbatata za kuchemsha, bajia, kachori, pengine yai na vipande vya mishikaki ya nyama. Juu inamiminwa chatne ya nazi, pilipili, na mwisho kabisa chipsi za muhogo. Kila muuzaji ana mkono wake, na wenyeji wanabishana juu ya nani bingwa kwa bidii ile ile wanayobishania mpira.

Namna ya kuuchagua: tazama sufuria ya mchuzi. Iwe motoni, inafukuta. Mchuzi uliopoa na kutengeneza utando juu uache. Tazama pia bajia zake, kama anakaanga kidogo kidogo au ana kilima cha tangu jioni.

Namna ya kuagiza: mwambie pilipili atie kando. Pilipili ya urojo haitanii, na ikishachanganywa haitoki. Chipsi za muhogo mwambie azitie mwisho mbele yako, na uanze kula papo hapo. Uzuri wote uko katika zile dakika mbili ambapo mchuzi ni mchachu na wa moto, kachori imeanza kulainika, na muhogo bado unavunjika menoni. Ukiuacha ukajibu simu umeshapoteza nusu ya urojo wako.

Kama meza za Forodhani hazikukuridhisha kwa urojo, sitashangaa. Mitaani ndani ya Mji Mkongwe na huko Ng'ambo, mitaa ya mji iliyo nje ya Mji Mkongwe, kuna wanaoupika vizuri zaidi, na mwenyeji yeyote ukimuuliza atakuelekeza kwa wake.

8. Juisi ya miwa

Mtafute mwenye mashine na miwa iliyomenywa siku ile ile, iliyolala kwenye maji safi. Anakunja muwa, anabana ndimu na tangawizi katikati, anaupitisha kwenye magurudumu, anaukunja tena na kuupitisha mpaka ubaki kapi. Kunywa pale pale, maana ikikaa inageuka rangi na kuchachuka. Barafu ndiyo ya kuulizia. Kama hujui maji yake yametoka wapi, sema bila barafu.

9. Bei

Bei inazungumzwa kabla mkaa haujaguswa. Sitakutajia tarakimu, kwa kuwa zinapanda na kushuka na msimu, ila nitakuambia namna ya kuuliza. Usiulize "Sahani shilingi ngapi?", kwa sababu sahani haina mpaka. Uliza kwa kitu kimoja kimoja:

"Ami, mshikaki mmoja wa ngisi bei gani?"

Anakutajia.

"Na huyu changu mzima?"

Anakutajia.

"Basi nichomee changu mmoja, ngisi wawili, na ajemi mmoja. Jumla inakuja ngapi?"

Akishasema jumla, hapo ndipo pa kuomba: "Nipunguzie kidogo ami, mimi mtu wa nyumbani." Punguzo litakuja au halitakuja, lakini jumla mmeisikia wote wawili na hakuna maneno baada ya kula. Akiongeza kitu ambacho hukukiagiza, mwambie akiondoe kabla hujakigusa. Kama ulizunguka vizuri katika hatua ya 4 utakuwa umeshasikia bei za meza tatu nne, na utajua kama anakuonea.

Lakini usikamue mpaka tone la mwisho. Mpishi yule alikuwa kwenye mnada wa samaki asubuhi, na atakuwa anaosha masinia mpaka usiku wa manane.

10. Watoto, picha, taka

Watoto wana uwanja wao wa michezo pale pale, ila ukuta wa bahari hauna uzio wa kumzuia mtoto na usiku maji hayaonekani. Mmoja wenu asile mpaka mwenzake amalize. Usimpige mtu picha usoni bila kumwomba, hasa akina mama. Vijiti vya mishikaki vivunje kabla ya kuvitia kwenye pipa, vinachoma mikono ya wanaosafisha alfajiri. Paka wapo wengi na watakaa miguuni pako, wape kichwa cha changu chini ya mti, sio mezani.

11. Kuondoka, na kesho yake

Baada ya saa 4 majiko yanaanza kuzimwa, na kuanzia hapo usinunue tena kitu cha bahari hata ukiuziwa nusu bei. Pizza bado inapikwa ukiagiza, ila kumbuka kulitazama lile bakuli la nyama ya kusaga.

Kwa kahawa usikae Forodhani. Pita nyuma ya Ngome kwa mtaa wa Gizenga, uingie ndani mpaka Jaws Corner, wazee wapo barazani na kahawa chungu, kashata na dhumna. Kama hujui njia nenda ukiwa na mwenyeji, vichochoro vya Mji Mkongwe vinampoteza hata mtu wa Malindi mwenye usingizi. Anayelala mbali na mji apatane nauli na dereva wa teksi kabla hajafungua mlango.

Na ukiwa na usiku wa pili, amka asubuhi uende Darajani, soko lililopo tangu 1904, kwenye mnada wa samaki. Tazama wameletwa nini leo: kama pweza ni wengi, kama jodari wapo kwenye barafu, kama ni vibua tu. Jioni ukirudi Forodhani, muuzaji akikuambia kolekole huyu ni wa leo, utakuwa unajua kama leo kolekole aliingia mjini.